Mdomo wa Shemeji

"Mama Doris, uliona?"

Swali hilo Elisifa aliliuliza akiwa amesimama uani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Vumbi jekundu, vumbi la mwaka ule wa ukame, lililotoka tambarare za chini likaukwea mlima kama moshi wa nyumba inayoungua. Lilikaa juu ya migomba. Lilikaa juu ya kahawa. Lilikaa kwenye nyusi za watu, likawazeesha wote kabla ya siku zao. Na Elisifa, jirani wa siku zote, ambaye ua wa masale tu ndio uliomtenganisha na Mektrida, hakujipangusa. Khanga yake ilikuwa na damu ya mwanawe, mbichi begani, pale kijana alipoulaza mdomo uliovunjika.

Mektrida alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuutua. Mwanamke mwenye mzigo kichwani hawezi kuitikia wala kukataa, shingo yake si yake. Na siku ile alimshukuru Mungu kwa mzigo ule.

"Majani haya mazito, Mama Eben," alisema. "Ngoja kwanza niyafikishe kwa ng'ombe."

Akapita. Nyuma yake swali likabaki limesimama uani, halina kiti, halijakaribishwa.

Na aliona. Mbele ya Mungu aliona. Alimwona shemeji yake Leodegar, kaka wa marehemu mume wake, akimvunja Ebenezeri mtoto wa Elisifa kwenye banio la mfereji, pale maji yanapoachana na mto. Aliona mwanzo, aliona katikati, aliona mwisho. Lakini ili ujue kwa nini alipita na majani yake akanyamaza, yakupasa kwanza umsikie Leodegar akisimulia.

*

Jumapili, baada ya misa ya pili, watu walishuka kutoka kanisani Kilema wakakaa kwenye benchi za Mama Veronika, mbege, pombe ya ndizi, ikazunguka ndani ya kata, na kabla kata haijamfikia mtu wa tatu kuna aliyesema, "Haya, mwanajeshi. Tupeleke ng'ambo."

Naye Leodegar aliwapeleka. Jamani, aliwapeleka! Alikuwa na sauti ya mtu anayekumbuka harusi yake. Alikuwa na mikono inayochora. Akisema mto, uliuona mto. Akisema mnazi, ulitafuta kivuli chake.

"Tulikuwa watu," alianza kila mara. "Huku mnaniona na jembe, mnaona mzee wa shamba. Kule, jamani, tulikuwa watu."

Kule ni Msumbiji. Walipelekwa yeye na mdogo wake Thadeus, mwaka mmoja, kikosi kimoja, kwenda kuwasaidia jirani waliokuwa wakichinjwa na waasi. Walipakiwa melini Mtwara, vijana wa milimani ambao hawakuwa wamewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, na saa ile ile wakaanza kutapika. Walitapika hadi nyongo. Walitapika na majina ya mama zao. Na Thadeus, kajishika ukingoni, uso umekuwa wa kijani kama ndizi mshare mbichi, akamgeukia baharia akamwuliza, "Samahani, mzee. Huu mfereji ni wa ukoo gani? Mbona hauna banio?"

Hapo watu walicheka mpaka kata ikamwagika. Na nyuma yao, kwenye kundi la wanawake, Mektrida alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, machozi yakimtoka. Maana ndivyo alivyokuwa Thadeus, hivyo hivyo, mzaha wake ulikuja ukiwa umevaa heshima. Kwa muda ule mfupi wa kicheko alikuwa na mume.

Kambi yao ilikuwa penye mdomo wa mto mkubwa, kwenye kiwanda cha zamani cha mafuta ya nazi. Leodegar aliipenda kambi ile kuliko nyumba yake. Alisimulia tanuri la mikate walilolijenga kwa udongo wa kichuguu. Alisimulia samaki wenye ndevu. Alisimulia Thadeus alivyopika mbege kwa ndizi za kigeni na mtama, maana ulezi haukuwepo, na Kapteni alivyokunywa akalala gwaride zima akiwa wima. Alisimulia Thadeus alivyobeba bunduki nzito mgongoni, ameifunga kwa khanga ya mke wake kama mtoto mwenye homa, akiimba wimbo wake mwenyewe aliouzua, wimbo usio na maneno, unaopanda na kushuka kama njia ya kwenda Kilema.

"Khanga yako, shemeji!" Leodegar alimrushia kutoka mbali. "Ile ya maua mekundu. Imeenda vitani kuliko wengi wenu hapa!"

Na Mektrida alisikiliza.

Halafu sauti ile ile, tamu ile ile, bila kubadili mkao, iliingia kwenye damu.

"Walikuja alfajiri. Risasi zikapiga mabati ya kiwanda kama mvua ya mawe. Jamani, raha! Unajua moyo wako unapiga kumbe ni wako? Tukatoka. Tuliwakata. Tuliwakata kama unavyokata mgomba uliokwisha kuzaa, panga moja tu, maji yanaruka, wenyewe unajilaza chini. Kulikuwa na mmoja kainama mtoni anachota maji. Nikamjia kwa nyuma, pole pole, kitako cha bunduki, kwa! Hakugeuka hata. Taya likaenda upande wake na yeye upande wake."

Na watu walicheka. Mungu awasamehe, walicheka, maana mkono wake ulionyesha taya lile likienda zake, na kata ilikuwa imejaa, na Msumbiji ni mbali. Mektrida naye alicheka. Ni kicheko kimoja, hakigawanyiki. Anayekinywa kwa ajili ya mumewe anakinywa chote, na tope lake.

Ila kuna mahali Leodegar hakuwafikisha kamwe. Ilikuwapo asubuhi moja, asubuhi ya mwisho ya Thadeus. Simulizi ilifika kwenye mlango wa asubuhi ile, ikasimama, ikafuta miguu, isiingie.

"Hiyo siku nyingine, shemeji," alisema. "Hiyo inataka moyo."

Thadeus hakurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Walimzika kusini pamoja na wenzake waliokufa naye, mbali, penye mchanga. Chini ya migomba yake, alipolala baba yake na babu yake, hakuna mahali pa mjane kupalilia. Hakuna picha yake akicheka. Doris, mtoto wao, alikuwa mgongoni baba alipoondoka. Anamjua kwa kusikia tu, kama anavyomjua Yesu. Kwa hiyo duniani kote, kuanzia theluji hadi chumvi, Thadeus alikuwa hai mahali pamoja tu, nako ni mdomoni mwa Leodegar.

Nawe ungefanyaje, msomaji? Ungeupiga jiwe mdomo ule?

*

Sasa kuna jambo la mfereji.

Mfereji ni wa wanaume. Ndivyo ulivyo tangu babu wa babu walipoupasua kwenye mwamba kwa vijiti na moto. Mwanamke anachota, anafua, anamwagilia. Lakini hazibui, hapigi kura, wala hasemi kwenye kikao. Na mjane ana zamu yake ya maji kama mtu yeyote, ila zamu ile ina mdomo, na mdomo wenyewe ni shemeji. Akiwa na shida, shemeji husimama akasema, "Huyu mama anasema hivi." Kikao humsikia yeye kwa sauti ya mwanaume, kisha humjibu kwa kumtazama mwanaume.

Na asiseme mtu kwamba Leodegar alimdhulumu. Miaka yote ile alimsemea vizuri. Zamu ya Mektrida haikuibwa hata tone. Kabichi zake zilisimama. Ng'ombe wake alikunywa. "Huyu ni mke wa Thadeus," Leodegar aliwaambia wazee, na sauti yake ilikuwa na kitako cha bunduki ndani yake, nao wakatulia.

Halafu kahawa ikaanguka. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda mlima yakishindana kwa honi, na watu wakashangilia kwamba biashara sasa ni huria. Muda si muda ikaonekana kwamba bei nayo iko huru, huru kwenda shimoni. Vijana wakaacha kahawa ijifie wakapanda nyanya. Na nyanya, ndugu yangu, hunywa kama mlevi aliyeachiwa pipa. Mfereji uliowatosha babu zetu ukawa hautoshi. Mwaka wa ukame ulipokuja, maji yakawa uzi. Watu waliosali pamoja wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Majembe yakaanza kwenda mferejini yakiwa yamenolewa.

Ndipo wazee walipokumbuka kwamba wana mwanajeshi.

"Leodegar, tulindie banio," walisema.

Ungemwona! Alilitoa koti lake la kijani kwenye sanduku. Alipata firimbi. Akajenga kibanda cha majani ya migomba juu ya banio, akakiita posti. Alinyooka mgongo, akarudi kijana, macho yakawaka kama ya mtu aliyeitwa jina lake baada ya miaka. Watoto wakipita alifoka, "Simama! Nani hapo?" nao wakakimbia wakicheka. Wakubwa nao walicheka. Watu hatujui, tunacheka tu.

"Sasa shemeji, umepata kambi," Mektrida alimtania siku moja.

"Bado bahari tu," akajibu. Hakuwa anatania.

*

Ilikuwa asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Mektrida alikuwa korongoni, chini kidogo ya banio, akikata majani. Kule wanawake wanaruhusiwa. Mundu wake ulikuwa unasema shwaa, shwaa, na juu yake, akichungulia kati ya matete, alimwona Ebenezeri.

Ebenezeri alikuwa kwenye zamu yake. Hilo liandikwe hata kwenye jiwe. Siku ile maji yalikuwa yake, kila mtu alijua. Alikuwa ameinama, magoti kwenye tope, akizibua kwa mikono mitupu yale madongo yaliyozibia njia ya kwake. Panga lake alilichomeka ardhini, mbali naye, kama mtu anayeacha viatu mlangoni.

Ndipo Mektrida akausikia wimbo.

Wimbo usio na maneno. Unapanda, unashuka, unapanda tena kama njia ya Kilema. Wimbo wa Thadeus! Moyo wake ukaruka kama mwanakondoo. Aliacha mundu. Aliinua uso, Bwana amhurumie, akiwa anatabasamu.

Leodegar alikuwa anashuka nyuma ya kijana, miguu mitupu, pole pole, midomo imefungwa, akiuvumisha wimbo ule puani. Mkononi alikuwa na jembe, ameligeuza, mpini mbele.

Kwa!

Si sauti kubwa. Ni sauti kama ya kupasua boga. Ebenezeri hakugeuka hata. Alikwenda kifudifudi ndani ya maji yake mwenyewe, akainuka kwa mikono, na mpini ukarudi ukamkuta tayani, na taya likahama. Mektrida aliliona likihama. Alilijua. Alikuwa amelicheka kwenye benchi za Mama Veronika, Jumapili baada ya Jumapili, akiwa na rozari mfukoni.

Kwa, begani. Kwa, kwenye vidole vilivyonyooka kuomba. Kijana alijaribu kusema "baba," akasema damu. Leodegar hakuwa na hasira, hilo ndilo lililomtia Mektrida baridi ya mifupa. Hakutukana, hakufoka, alipiga kama mtu anayetwanga ulezi wa sikukuu, na wimbo haukukatika. Tope liliruka. Jino liliruka. Maji yaliyokuwa uzi yakawa uzi mwekundu, yakashuka mferejini taratibu, yakipinda penye kona na kuteremka penye mteremko, kwa sababu maji hayajui yamebeba nini, hayo yakaenda mpaka kwenye kabichi za Mektrida na yakazinywesha.

Kisha Leodegar akasimama. Alihema. Akaliendea panga, akaling'oa ardhini, akaliweka chini ya mkono wa kijana aliyezimia. Na alipoinua kichwa akamwona Mektrida kati ya matete.

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la Jumapili.

"Umeona, shemeji?" alisema kwa upole. "Kama kule. Kule kule kabisa."

*

Elisifa hakutaka polisi. Alitaka kikao cha mfereji. Alitaka lisemwe mbele ya watu waliocheka. Maana Leodegar alikwishasema lake: kijana alikuwa mwizi wa maji, alimwinulia panga, yeye akajikinga. Wazee wakiamini hivyo, Ebenezeri atafutwa mferejini yeye na mama yake, na shamba lisilo na mfereji mwaka kama ule ni uwanja wa kuzikia. Na Ebenezeri asingeweza kujitetea. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa kuzunguka kichwa, kama wafungwavyo maiti. Alinyweshwa uji kwa mrija, na macho tu ndiyo yaliyokuwa yanazungumza, nayo hayakuwa na mtu wa kuyatafsiri.

Mchana wa siku iliyotangulia kikao, Leodegar alikuja kwa Mektrida. Alimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Akapiga hodi kama muungwana. Akakaa kwenye kigoda.

"Kesho watauliza habari zako," alisema. "Kuna mtu kakuona ukitoka korongoni na majani. Lakini usijisumbue. Mimi ndiye mdomo wako. Nitasema hukuona. Wewe kaa na rozari yako, basi."

Mektrida alimenya.

"Na nikitaka kusema mwenyewe?"

Leodegar alicheka kidogo. Akanyoosha mkono, akakitwaa kisu mkononi mwake, bila nguvu, kama mtu anayemsaidia mgeni mzigo. Akachukua ndizi. Akaimenya kwa mkupuo mmoja, ganda likaanguka zima. Akachukua nyingine. Kisu kiling'aa, kikazunguka, kikarudi. Alimenya za kutosha sufuria nzima, na hakukitazama kisu hata mara moja, alimtazama yeye.

"Shemeji," alisema, "mimi sikutishi. Ningekutishaje wewe? Mke wa mdogo wangu! Nilikuja kukupa kitu."

"Kitu gani?"

"Ile asubuhi."

Moto ukapasuka mekoni. Ng'ombe akakohoa zizini.

"Kikao kikiisha salama," Leodegar akaendelea, na sauti ikaingia ile asali yake, "nakuja hapa hapa. Nakaa kwenye kigoda hiki. Doris akae pale. Nawasimulia yote, mwanzo hadi mwisho, aliamkaje, alikula nini, alianguka wapi. Nilikuwa nimemshika, shemeji. Kichwa chake kilikuwa hapa." Alijigusa paja. "Alisema jina."

Mektrida hakutambua kwamba amesimama.

"Jina la nani?"

"Kesho."

"Leodegar! Jina la nani?"

"Baada ya kikao." Akakirudisha kisu mkononi mwake, mpini mbele, kwa adabu. "Ukinyamaza, unampata mumeo mzima. Ukisema, basi. Nitaufunga huu mdomo na nitakufa naye ndani. Sitamtaja tena, si kwako, si kwa Veronika, hata kwa padri. Atakuwa amekufa kweli kweli sasa. Na wewe ndiye utakuwa umemwua."

Alitoka akivumisha wimbo.

Jioni ile Doris, ambaye alisikia yote akiwa zizini kwa ng'ombe, alikuja akamkumbatia mama yake kwa nyuma. "Mama, ni kweli kesho baba mkubwa atasimulia baba alivyokufa?" Na sauti yake ilikuwa ya furaha, masikini, kama anaulizia Krismasi.

Mektrida alipiga magoti kusali rozari. Ilikuwa siku ya matendo ya uchungu. Tendo la kwanza lilipita. Tendo la pili, Yesu anapigwa mijeledi. Hapo punje zikagoma. Alisema Salamu Maria, akasikia kwa! Akasema tena, akasikia kwa! Alijaribu kuuona uso wa Bwana kwenye nguzo akaona uso uliofungwa kwa kitambaa. Akajaribu kumwona Thadeus, Thadeus wake, kwenye ukingo wa meli, kijani kama mshare. Na Thadeus alipogeuka kufanya mzaha wake, ee Mama wa Mungu, nyuma yake kulikuwa na mtu ameinama mtoni anachota maji, na watu wote melini walikuwa wanacheka.

*

Kikao kilikaa uani kwa Meku Wenseslaus, mzee wa mfereji, mtu mfupi mwenye koti refu. Wanaume kwenye mabenchi. Wanawake nyuma, wamesimama kwenye kahawa. Elisifa alikaa chini, mbele, na mwanawe akiwa na kitambaa chake kuzunguka kichwa.

"Leodegar, sema," alisema Meku Wenseslaus.

Leodegar akasema. Na alikuwa hodari, asikudanganye mtu! Hakujitetea hata kidogo, alisimulia. Alianza mbali, kambini, alivyofundishwa kulinda. Kapteni akalala gwaride. Tanuri la kichuguu. Watu wakaanza kutabasamu. Taratibu akawaleta mpaka kwenye banio, alfajiri yenye ukungu ambao siku ile haukuwepo, mwizi ananyata, panga linainuka, na yeye, "mzee kama mimi, jamani, na magoti haya!" anaruka upande. Mkono wake ulichora mruko. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Wa pili akafuata. Kikaenea benchi kwa benchi, kicheko kile cha Jumapili, mbele ya kijana mwenye taya lililofungwa, na Mektrida aliona vidole vya Elisifa vikichimba udongo.

Meku Wenseslaus hakucheka. Alingoja kiishe.

"Inasemekana mjane wa Thadeus alikuwa korongoni. Leodegar, wewe ndiye mdomo wake. Anasemaje?"

"Hakuona kitu, Meku. Alikuwa ameinamia majani."

Na pale ndipo Mektrida alipotoka kwenye kahawa.

Hakukimbia. Alipita kati ya mabenchi, mahali ambapo mwanamke huwa anapita na kata ya mbege tu, na mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama, rudi," mmoja alisema kwa sauti ya chini.

"Ana mdomo wake pale, anatafuta nini?"

"Haya, na ng'ombe nao waje wajisemee!" akapiga kelele Denis, kijana wa duka la pembejeo, na wakacheka. Lakini mzee wa mfereji aliinua fimbo.

"Shikamoo, Meku," alisema Mektrida.

"Marahaba, mama."

"Mdomo ninao. Ni huu. Niliona."

Mabenchi yakalia, wanaume wakigeuka kumtazama.

"Shemeji," Leodegar alisema, laini, karibu kwa mapenzi. "Fikiri."

"Nimefikiri mpaka asubuhi." Alimgeukia, na kuanzia hapo aliongea naye peke yake, kama hakuna kikao, kama wako jikoni. "Ilikuwa zamu yake. Hapakuwa na ukungu. Mtoto alikuwa ameinama, mikono iko topeni. Panga lilikuwa limechomekwa ardhini, mbali. Ulishuka nyuma yake bila viatu. Ulimpiga kisogoni, akainuka, ukampiga taya, ukampiga bega, ukampiga vidole akiomba. Alikuita baba. Alipozimia ndipo ulipokwenda ukaling'oa panga ukamwekea mkononi. Halafu ukanitazama. Na wakati wote ule, Leodegar," na hapa sauti ikapasuka kidogo, akaishona, "wakati wote ule ulikuwa unaimba wimbo wa mume wangu."

Hakuna aliyecheka. Denis aliangalia viatu vyake. Ebenezeri alifumba macho, na machozi yakashuka yakaingia kwenye kitambaa, na Elisifa akainuka hapo chini alipokuwa, akaja akasimama bega kwa bega na Mektrida, basi, bila kumgusa.

"Leodegar," alisema Meku Wenseslaus. "Umesikia. Una la kujibu?"

Watu wote walimtazama mdomo. Mdomo ule haukuwahi kushindwa. Uliwahi kuivusha bahari ikafika Kilema, uliwahi kuwalaza makapteni wakiwa wima. Na sasa wote walingoja uchore kitu, ucheke, ulete mnazi, ulete mto. Ulifunguka kidogo. Ukafungwa.

Alisimama. Akavifunga vifungo vya koti la kijani, kimoja kimoja, hadi shingoni. Kata ya mbege aliyopewa akaiacha benchini, bado imejaa. Akaanza kwenda.

Mektrida alimwona akienda, na ndani ya koti lile, nyuma ya vifungo vile, alimwona Thadeus akienda naye, kijana, na khanga yenye maua mekundu begani. Alikuwa amejiapiza asiulize. Alikuwa amempa Mungu neno lake kwamba atakubali kumpoteza. Lakini miguu ya Leodegar ilipofika penye ua wa masale, kitu kilimpasuka kifuani, akapiga ukelele mbele ya wanaume wote wa mfereji, ukelele wa mwanamke anayenyang'anywa mtoto:

"Leodegar! Jina la nani? Nakuomba kwa Mungu, alisema jina la nani?"

Leodegar alisimama. Mgongo wake ulikuwa umewageukia. Upande mmoja wa shavu ulionekana, na msuli wa taya ukicheza, ukicheza, kama mtu anayetafuna kitu kigumu asichotaka kukimeza wala kukitema.

Akayasukuma masale kwa mkono, akatoka.